Mwanga unaopima chakula: unachokiona ndani ya gunia la mahindi, na usichokiona

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilitoa barua iliyosimamisha papo hapo uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda. Sababu iliyotajwa ilikuwa sumukuvu, yaani sumu inayozalishwa na ukungu wa nafaka. Malori yaliyokuwa tayari yamepakia yalikwama mpakani Namanga. Siku chache baadaye Nairobi ililegeza msimamo kwa masharti: kila mwagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini, sumukuvu inayoogopwa kuliko zote, haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni.

Wanasiasa walizungumza sana wiki ile kuhusu ujirani mwema na ushindani wa kibiashara. Swali la mkulima wa Kibaigwa au Kiteto lilikuwa jepesi zaidi, na halikupata jibu la kuridhisha: gunia lililopimwa ni lipi, limepimwa na nani, na kwa chombo gani?

Swali hilo limezidi kuwa zito kwa sababu chombo chenyewe kinabadilika. Miaka hii vinauzwa vifaa vinavyotosha kiganjani, ambavyo humulika nafaka, udongo au chakula cha mifugo kwa mwanga, na baada ya sekunde chache namba hutokea kwenye simu. Kenya vimeshaanza kutumika kupima udongo na malisho. Hakuna kemikali wala kusaga sampuli na kuipeleka mjini na kusubiri wiki mbili. Anayesikiliza maelezo ya wauzaji anaweza kudhani ugomvi wa Namanga umepata mwamuzi.

Bado haujapata. Mwanga huu ni chombo kizuri sana, na katika mambo fulani ungeweza kumwongezea mkulima wetu kipato. Lakini kitu kile kile kilichosimamisha malori ndicho unachokiona kwa shida kuliko vyote.

Rimoti ya televisheni na gunia la ngano

Mwanga unaozungumziwa hapa hauonekani kwa macho, ingawa karibu kila nyumba yenye televisheni inao. Ukielekeza rimoti kwenye kamera ya simu na kubonyeza kitufe, kwenye simu nyingi utaona kitaa kinamemeta ambacho macho yako hayakioni. Huo ni mwanga wa infraredi iliyo karibu na mwanga wa kawaida, ule unaoanzia pale rangi nyekundu ya upinde wa mvua inapoishia. Wataalamu huuita kwa kifupi NIR. Aliyegundua kwamba kuna kitu baada ya nyekundu ni William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyeishi Uingereza. Mwaka 1800 aliweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali palipoonekana hapana mwanga wowote, na kikapanda.

Mwanga huu ukiangukia unga, sehemu yake humezwa na sehemu hurudi. Kinachomeza ni vifungo vidogo vinavyoshikamanisha hidrojeni na vitu vingine. Katika maji, hidrojeni imeshikana na oksijeni. Katika protini, kwa sehemu imeshikana na nitrojeni. Katika mafuta, zaidi na kaboni. Kila kifungo kinamega kipande chake cha mwanga. Maji, kwa mfano, hung'ata kwa nguvu karibu na nanomita 1,450 na tena karibu na 1,940. Chombo husoma kilichorudi na kukisia kilichobaki ndani.

Nimesema kukisia, na neno hilo halina dharau. Ndani ya punje ya mahindi maji, wanga, mafuta na protini humeza mwanga kwa pamoja, na alama zao hupandana. Ni kama kuisikiliza kwaya nzima ikiimba na kutakiwa useme waimbaji wa besi ni wangapi. Unaweza, lakini baada tu ya kuzisikiliza kwaya nyingi ambazo idadi ya besi zake umeambiwa. Kwa hiyo kila chombo cha NIR hufunzwa kwanza. Mamia ya sampuli hupimwa kwa njia ya kemia maabara, sampuli hizo hizo humulikwa, kisha kompyuta hutafuta uhusiano kati ya namba za maabara na mwanga uliorudi. Kuanzia hapo chombo kikiona gunia jipya hulilinganisha na yale kiliyofundishwa.

Mtu aliyeutoa ujuzi huu kwenye udadisi wa fizikia akaupeleka ghalani ni mhandisi wa Kimarekani, Karl Norris, wa maabara ya Wizara ya Kilimo huko Beltsville, Maryland. Alianza na mayai, akitafuta namna ya kugundua yenye doa la damu bila kuyapasua. Miaka ya 1960 akahamia kwenye unyevu wa nafaka na soya, na kutoka hapo kwenye protini na mafuta.

Mafanikio makubwa ya kwanza ya kibiashara, hata hivyo, yalikuwa Kanada, na inafaa kuyaangalia vizuri kwa sababu ndiyo picha ambayo wauzaji wa vifaa hutuonyesha. Ngano ya Kanada huuzwa kwa daraja la protini, kwa kuwa mwoka mikate hulipia protini. Hadi miaka ya 1970 protini ilipimwa kwa njia ya Johan Kjeldahl, mkemia wa Denmark aliyeibuni mwaka 1883 akiwa katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Sampuli huchemshwa ndani ya asidi kali ya salfa, nitrojeni inayotoka hupimwa, kisha hesabu hupigwa kupata protini. Ni kazi ya kuchosha, ya moto na ya mvuke wa sumu. Mwaka 1975 Tume ya Nafaka ya Kanada iliweka mashine za NIR mahali pa asidi hiyo katika upimaji wa kila siku wa ngano.

Mara nyingi hadithi huishia hapo: mashine ilishinda. Kinachosahaulika ni kwamba aliyeshika mashine hizo hakuwa mnunuzi wala muuzaji bali chombo cha umma. Zilifunzwa kwa ngano ya Kanada, na nyuma yake maabara ya kemia ilibaki wazi ikizisahihisha. Aidha, zilipewa kazi ambayo mwanga unaiweza, kwani protini ya ngano ni kitu kikubwa, kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa punje.

Miligramu moja ndani ya gunia

Sasa turudi kwenye mahindi ya Namanga. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5 na aflatoksini kwa jumla isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Namba hizo mbili huandikwa kwenye karatasi moja, na msomaji anaweza kudhani ni za ukoo mmoja. Lakini chukua gunia la kilo 100. Unyevu wa asilimia 13.5 ni kilo kumi na tatu na nusu za maji, zaidi ya nusu ya ndoo ya lita ishirini. Aflatoksini ya sehemu 10 kwa bilioni, ndani ya gunia hilo hilo, ni miligramu moja. Ni kama chembe kumi na tano au ishirini za chumvi ya mezani, zilizotawanyika ndani ya punje zaidi ya laki mbili.

Mwanga wa NIR huona vitu vinavyohesabika kwa asilimia, na kwa kazi nzuri sana unaweza kushuka hadi sehemu moja kwa elfu. Sehemu kumi kwa bilioni ni kitu kingine kabisa. Hakuna kifaa cha mkononi kinachoiona aflatoksini yenyewe kwa kiwango hicho. Kinachoonekana, pale kinapoonekana, ni uharibifu ulioachwa na ukungu: punje iliyofifia, wanga uliolika, mafuta yaliyobadilika.

Watafiti wa Marekani waliliweka jambo hili wazi mwaka 2001 kwa kumulika punje moja moja za mahindi yaliyoambukizwa ukungu huo. Punje zenye sumu nyingi, zaidi ya sehemu 100 kwa bilioni, na zile karibu safi, chini ya 10, zilitenganishwa kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 95. Lakini kwa punje zilizo kati ya 10 na 100, kifaa kilipatia takriban robo tu. Ukumbuke kikomo cha kisheria kiko wapi: kiko kwenye 10, mlangoni pa eneo ambalo mwanga hupotea njia.

Juu ya hayo kuna suala la kuchota sampuli, ambalo haliondolewi na chombo chochote. Sumukuvu haijisambazi sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na jirani zake zikawa salama kabisa. Mkaguzi akichoma magunia mawili ya juu kwa bambo na kumulika alichokipata, namba itakayotokea ni ya zile punje za kwenye bambo. Lori zima linaweza kuhukumiwa kwa hizo, au kusamehewa kwa hizo.

Kusamehewa kuna gharama yake. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani za mashariki ya Kenya zilikumbwa na mlipuko wa sumukuvu uliohesabiwa kuwa na wagonjwa 317, na watu 125 wakafariki. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, ambako wagonjwa 68 waliripotiwa na 20 kati yao wakafa. Hao ni waliokula sumu nyingi kwa mpigo. Wanaokula kidogo kidogo kwa miaka hawaingii kwenye orodha ya mlipuko wowote, ingawa aflatoksini inajulikana kusababisha saratani ya ini. Kupika ugali hakuiondoi.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kifaa cha mwanga na kukuahidi kwamba kitakuambia kama unga wako uko chini ya kikomo cha aflatoksini, mwulize amekijaribu kwa mahindi gani, na maabara ilisema nini kuhusu mahindi hayo hayo. Kwa kazi hiyo zipo njia nyingine, ikiwemo vipande vya kupimia vinavyofanana na vile vya malaria, ambavyo hudai kusaga sampuli kubwa na kuichanganya na kimiminika cha kuitoa sumu. Havina mvuto wa kifaa cha kumulika, na kila kipimo kina gharama yake. Lakini vinaitafuta sumu yenyewe.

Unyevu, ambao hauzungumzwi

Hapa ndipo ninapoona mjadala wetu umekaa vibaya. Tunabishana kuhusu sumu mpakani, wakati sumu mara nyingi huongezeka ghalani, na mlango wake mkubwa baada ya mavuno ni unyevu. Uchunguzi wa mlipuko wa 2004 ulionyesha mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa na majimaji, katika mazingira yaliyoufaa ukungu. Na unyevu ndicho kitu ambacho mwanga wa NIR unakipima vizuri kuliko kingine chochote, kwa kuwa maji humeza mwanga huo kwa pupa.

Wala huhitaji mwanga kuanza. Vipimaunyevu vya umeme vya bei nafuu vipo. Maafisa ugani hufundisha pia njia ya chupa. Chukua chupa kavu, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa kwa dakika chache, kisha uache chumvi itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yako yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, hayafai kuwekwa ghalani. Isipoganda, umekaribia. Njia hii haitakupa 13.5, lakini itamzuia mtu kufunga gunia ambalo baada ya mwezi litakuwa na joto na harufu.

Kuna kazi nyingine ambapo mwanga unakaribia kweli kupambana na sumukuvu, nayo si kupima bali ni kuchambua. Kwa kuwa sumu imejificha ndani ya punje chache zilizoharibika, si lazima ujue ni kiasi gani, inatosha kuzitoa. Mashine za kuchambua humwaga nafaka kama maporomoko, kila punje humulikwa ikiwa hewani, na inayoonekana mbaya hupulizwa kando kwa mshindo wa hewa. Mwaka 2004 kundi la watafiti wa Marekani liliripoti kwamba mashine ya namna hiyo, ikitumia mawimbi mawili tu ya mwanga, ilipunguza aflatoksini ya mahindi ya njano kwa asilimia 81. Mahindi meupe yalipojaribiwa baadaye, upungufu ulikuwa mdogo zaidi, karibu nusu. Huo si utani kwetu sisi tunaokula meupe. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilitumia mahindi yaliyonunuliwa masokoni Kenya, na huko pia punje zilizokubaliwa na mashine zilikuwa na sumu kidogo kuliko zilizokataliwa.

Mama anayepeta na kuchambua mahindi kwenye ungo kabla ya kuyapeleka mashineni anafanya kazi hiyo hiyo kwa macho yake, akitoa zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi ya kutia shaka. Anapunguza sumu, hata kama hamalizi yote. Shida huja pale zile alizozitoa zinapopewa kuku, au zinapouzwa kwa bei ya chini kwa jirani ambaye naye ana njaa.

Chombo hujua kilichofundishwa

Mwaka 2009 watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara, Tanzania, waliuelekeza mwanga wa NIR mahali ambapo wengi hawakutarajia: kwenye mbu. Mbu wa malaria hawi hatari siku anayotoka majini. Vimelea huhitaji siku kadhaa ndani yake kukomaa, kwa hiyo kujua umri wa mbu ni kujua hatari yake. Walionyesha kwamba mwanga unaweza kumtenga mbu wa chini ya siku saba na mzee kwa usahihi wa takriban asilimia 80, bila kumpasua. Mbu wa kufugwa maabara, hata hivyo, hula vizuri na huishi kwenye joto lisilobadilika. Mbu wa porini ana maisha mengine, na kifaa kilichofunzwa kwa wa kwanza husuasua mbele ya wa pili.

Kwenye udongo tumejifunza jambo hilo hilo. Nairobi, kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF kina maabara iliyosaidia kuijengea Afrika maktaba za mwanga wa udongo. Kazi iliyochapishwa mwaka 2002 ilitumia sampuli zaidi ya elfu moja kutoka mashariki na kusini mwa Afrika. Kaboni na mfinyanzi vilisomeka vizuri. Fosforasi ambayo mmea unaweza kuitumia haikusomeka vizuri hivyo, na bado hadi leo ni mgogoro kwa mwanga. Mkulima anayeambiwa na kifaa anunue mfuko wa mbolea ya kupandia anaambiwa, kimsingi, kuhusu fosforasi. Ana haki ya kujua kwamba kati ya namba zote zilizotokea kwenye simu, hiyo ndiyo yenye miguu dhaifu.

Vifaa vinavyoletwa leo vimefunzwa wapi? Baadhi vimefunzwa kwa mahindi ya njano ya Marekani au malisho ya Ulaya, na huletwa hapa vikiwa na namba zile zile. Kifaa hakitagoma, kitatoa tu namba, yenye nukta na tarakimu mbili nyuma yake. Kampuni moja ya Israel, Consumer Physics, ilichangisha zaidi ya dola milioni 2.7 mtandaoni mwaka 2014 kwa ajili ya kifaa cha mfukoni kilichonadiwa kwamba kitakueleza kilichomo kwenye jibini, tunda au kidonge. Wachangiaji walikisubiri muda mrefu kupita walivyoahidiwa. Teknolojia yenyewe haikuwa ya uongo. Kujenga maktaba ya kila chakula, kutoka kila shamba, kwa kila msimu, ndiyo kazi ndefu, na hakuna simu inayoifupisha.

Hata kemia inayomfundisha mwanga inaweza kudanganywa. Njia ya Kjeldahl huhesabu nitrojeni, haioni protini yenyewe. Mwaka 2008 nchini China maziwa yaliyotiwa maji yaliongezwa melamini, kemikali ya plastiki ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni nitrojeni, na kipimo kikayaona yamejaa protini. Watoto wachanga sita walifariki na karibu laki tatu waliugua. Tangu hapo wauzaji wa NIR husema mwanga wao ungeiona melamini. Kama ni nyingi, na kama kifaa kimefundishwa kuitafuta, ndiyo. Kabla ya 2008 ni wachache waliowaza kukifundisha hivyo.

Nani atakuwa na namba mkononi?

Mkulima wa alizeti wa Singida huuza kwa gunia au kwa kilo. Mwenye kiwanda hununua mafuta. Makapi ni mashudu ya kuuza baadaye. Mbegu mbili za uzito uleule zinaweza kutofautiana sana kwa mafuta, na kiasi cha mafuta ni kitu ambacho NIR hukisoma vizuri sana ndani ya dakika moja. Kiwanda chenye mashine hiyo kinajua kila gunia lina nini. Mkulima hajui. Akileta mbegu bora analipwa sawa na jirani yake aliyeleta hafifu, na tofauti inabaki kiwandani. Kwa maoni yangu, hapa ndipo teknolojia hii ingeweza kubadilisha mfuko wa mtu mapema kuliko mahali pengine: chama cha msingi cha ushirika, au ghala la mfumo wa stakabadhi ghalani, kikiwa na mashine yake, kikiandika asilimia ya mafuta kwenye stakabadhi kabla ya mnunuzi kufika.

Lakini mashine ikiwa upande mmoja tu wa meza, hugeuka kuwa dalali mwingine. Tunalijua jambo hili kutokana na lumbesa. Gunia lililofungwa hadi kuota kichwa halikuja kwa sababu mizani haikuwepo nchini, bali kwa sababu mizani haikuwepo pale shambani, au ilikuwepo mkononi mwa mnunuzi. Mnunuzi anayesema "mahindi yako yana unyevu wa 16, nitakata" akisoma kwenye kioo ambacho mkulima hakioni, anafunga lumbesa ya aina mpya.

Mizani ya sokoni hukaguliwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo. Kipimaunyevu na mashine ya NIR inayopanga bei ni mizani pia, na dunia imeshalitambua hilo. Shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, lina mapendekezo maalumu kwa vipimaunyevu vya nafaka, namba R 59, na kwa vyombo vya kupima protini ya nafaka na mbegu za mafuta, namba R 146. Yanaeleza chombo kijaribiwe vipi na kikosee kwa kiasi gani kabla ya kukataliwa. Ni maandishi makavu yasiyosomwa na mtu kwa starehe, lakini mkulima aliyekatwa kilo zake angeweza kuyasimamia mbele ya afisa, mradi yameingizwa kwenye kanuni za nchi yake na mradi yupo mtu wilayani mwenye sampuli ya kulinganishia.

Sampuli hiyo ya kulinganishia ndiyo isiyopigiwa debe na muuzaji yeyote. Kanada haikununua mashine pekee. Iliendelea kulipia watu wa kuchemsha asidi ili mashine zisipotoke. Nchi zetu zina maabara zenye uwezo, za mashirika ya viwango na za vyuo vikuu, na tena mahindi ya Rukwa, ya Trans Nzoia na ya Masindi yanaingia soko moja. Maktaba moja ya mwanga ya mahindi meupe, iliyojengwa kwa pamoja na kuwa mali ya umma, ingewalazimisha wauzaji wa vifaa kujipima dhidi yake kabla hawajaingia sokoni. Ingepunguza pia hali ya kila upande wa mpaka kuja na cheti chake na kukikataa cha mwenzake.

Aflatoksini ingebaki nje ya maktaba hiyo, kwa sababu zilizoelezwa. Lori litakalofika Namanga msimu ujao litahitaji bado cheti cha sehemu 10 kwa bilioni, na cheti hicho kitategemea magunia mangapi yalichomwa, kutoka pande zipi za lori, na kama punje zilizopatikana zilisagwa na kuchanganywa zote kabla ya kijiko kidogo kwenda maabara. Dereva anaweza kuyaona hayo kwa macho yake akiwa amesimama kando, na hakuna kinachomzuia kuuliza.